Spidi na Mdundo kwenye Taipureta: Mwongozo Kamili kwa Anayechapa Kiswahili

Umeme ukikatika hapa Arua, Uganda, saa nne asubuhi, majirani zangu wenye kompyuta hutoka nje kuota jua, na foleni huhamia kwenye meza yangu. Taipureta yangu ya Olympia haina habari na nguzo za umeme. Watu huja na karatasi walizoandika kwa mkono: mkataba wa kuuza kibanja (kipande cha ardhi), barua ya kupeleka kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, maombi ya kazi ya ulinzi. Wote wanataka sasa hivi. Na kila baada ya muda hutokea kijana akasimama pembeni, akatazama, kisha akauliza: "Mama, hiyo spidi uliipata wapi?"

Niliipata kambini. Baba alikuwa askari, nasi tulikulia kwenye nyumba za mabati ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya gwaride na ya foleni ya maji. Karani mmoja mzee, tuliyemwita Afande tu, alinifundisha kuchapa jioni ofisi ikishafungwa. Hakunifundisha kwenda mbio. Alinifundisha kwenda sawa. Kwake taipureta ilikuwa gwaride, na askari anayewatangulia wenzake kwa hatua tatu hasifiwi kwa kuwahi.

Kuna jambo Afande hakunifundisha, kwa kuwa vitabu vyake vya mazoezi vilikuwa vya Kiingereza: Kiswahili huchosha vidole vingine kabisa. Hilo nimelijua kwa miaka ya kuchapa, na ndilo nitakalolikalia zaidi hapa.

Kwanza, ijue mashine

Fungua kifuniko cha juu. Utaona nyundo za herufi zimejipanga nusu duara, arobaini na kitu, na zote zina shabaha moja, pale katikati mbele ya roli, ule mche wa mpira unaoviringishiwa karatasi. Ukipiga kitufe, nyundo yake huruka, hugonga utepe wa wino, kisha huanguka kurudi mahali pake. Wakati huohuo kile kigari cha juu kinachobeba karatasi husogea hatua moja kushoto, kikivutwa na springi iliyojikunja ndani ya kikopo chake. Mtu wa kompyuta hajazoea kufikiria haya, lakini ndiyo chanzo cha kila kitu kitakachofuata: njia ya kufika kwenye karatasi ni moja, na anayetangulia lazima aondoke ndipo wa pili aingie.

Kwa hiyo anayepiga herufi tatu kwa sekunde, zikiwa zimeachana sawasawa, hagonganishi nyundo. Anayepiga mbili kwa pupa, kisha akasimama kutafuta ya tatu, huzigonganisha kutwa nzima, na bado atamaliza ukurasa nyuma ya mwenzake. Mashine haijali wastani wako. Inajali umbali kati ya pigo moja na linalofuata.

Hatua ya kwanza: jaribu mashine kabla ya kujilaumu

Ingiza karatasi mbili, siyo moja. Ile ya nyuma ni mto. Roli za mpira za mashine kuukuu hukauka zikawa ngumu kama kwato, na bila mto huo nukta hutoboa karatasi na sauti huwa ya mtu anayegonga misumari.

Piga herufi n mstari mzima polepole, kisha mstari wa pili haraka. Kama wa polepole ni safi na wa haraka herufi zinapandana, kigari kinachelewa: reli zake zina uchafu au springi imelegea. Mpe mwenzako apige pia. Kama kwake hazipandani, basi tatizo ni vidole vyako vinavyokawia juu ya vitufe, kwa sababu kigari hukamilisha hatua yake pale kitufe kinapoachwa.

Nyundo ikipanda kivivu, sababu huwa vumbi. Kwetu hapa kiangazi vumbi lile jekundu la barabarani huingia hata ndani ya sanduku lililofungwa. Chukua mswaki wa zamani, uchovye petroli kidogo sana, usugue ile mifereji ambamo nyundo zimeota mizizi. Fanya hivyo nje, mbali na jiko na sigara, na petroli isiguse rangi wala plastiki. Kisha acha pakauke. Usitie mafuta hapo! Mafuta ya cherehani yanafaa kwenye reli za kigari, tone moja tu, lakini kwenye mizizi ya nyundo yatashika vumbi na baada ya mwezi utakuwa na gundi. Nimeona mashine nzima ikihukumiwa kuwa imekufa kumbe ilipakwa mafuta na mtu mwenye nia njema.

Utepe hauna ugumu. Mashine nyingi hutumia wa milimita 13. Ukipata utepe ambao kigurudumu chake hakiingii, uzungushe kwenye kigurudumu chako cha zamani, nawe utanawa mikono jioni.

Hatua ya pili: meza

Meza ya kawaida ya ofisi ni ndefu mno kwa taipureta, kwa sababu mashine yenyewe ina kimo. Tafuta ya sentimita 65 hadi 70, au panda juu ya kiti chenye mto. Viwiko vining'inie karibu na mbavu. Chini ya mashine tandika kipande cha blanketi kilichokunjwa mara mbili, isije ikatembea juu ya meza kila unaporudisha kigari.

Hatua ya tatu: jifunze pigo lenyewe

Hapa ndipo wenye kompyuta hupata shida. Wao husukuma kitufe mpaka chini. Kwenye taipureta unakirusha. Piga kama unayejaribu kwa ncha ya kidole kama sufuria bado ina moto: unagusa, umeshaondoka. Nguvu uliyoitoa mwanzoni inatosha kuifikisha nyundo kwenye karatasi, na kitufe hakina haja ya kusindikizwa mpaka sakafuni.

Jipime hivi. Piga asdf mara kumi, toa karatasi, itazame kwa nyuma ukiielekeza kwenye mwanga. Ukiona makovu mazito chini ya f na ya a hayaonekani kabisa, mkono wako hauna usawa. Usiongeze spidi mpaka makovu yafanane. Mashine nyingi zina kidude cha kulegeza au kukaza mguso. Anza na ulegevu wa kati, halafu usikiguse tena kwa mwezi mzima.

Hatua ya nne: vidole na makazi yake

Mpangilio wa herufi unaoanza na QWERTY ulitokana na kazi ya Christopher Latham Sholes kule Milwaukee, Marekani, na mashine yake iliingia sokoni mwaka 1874 ikitengenezwa na Remington. Kwa miaka mingi watu waliichapa wakitazama vitufe. Julai 1888, mjini Cincinnati, Frank McGurrin alishindana hadharani na Louis Traub. McGurrin alikuwa ameshika vitufe vyote kichwani, hakutazama chini, akashinda. Tangu hapo hoja ya kutazama vidole ilikwisha, ingawa wapo mpaka leo wanaoiendeleza.

Mkono wa kushoto hulala juu ya A S D F, wa kulia juu ya J K L na kitufe kinachofuata. Kila kidole hupanda na kushuka kwenye njia yake, kisha hurudi. Vidole vya shahada peke yake vina njia mbili: cha kushoto kina F na G pamoja na za juu na chini yake, cha kulia kina J na H. Kidole gumba cha kulia ni cha nafasi.

Kompyuta ina vijinundu juu ya F na J vya kukuelekeza. Taipureta nyingi za zamani hazina. Tia tone dogo la rangi ya kucha juu ya vitufe hivyo viwili, likauke. Afande alikuwa ananifunika mikono kwa gazeti. Njia zote mbili zinafanya kazi, ya rangi haina aibu.

Hatua ya tano: weka mdundo

Kipimo cha zamani cha dunia huhesabu mapigo matano, pamoja na nafasi, kuwa neno moja. Kwa Kiswahili kipimo hiki ni cha lazima, maana ukihesabu maneno yenyewe utajidhulumu: "wanaojishughulisha" lina herufi 18, na ukiongeza nafasi umepiga karibu maneno manne ya kipimo.

Simu yako inaweza kupata programu ya kugonga mapigo, ile ya wanamuziki. Iweke 60 kwa dakika. Kila mlio mmoja, herufi moja. Hayo ni maneno 12 kwa dakika, na utaona ni polepole kiasi cha kukera. Vumilia siku nne. Nafasi nayo ni pigo, ina mlio wake kama herufi. Wanafunzi wangu karibu wote huila nafasi, wanaibandika kwenye herufi ya mwisho ya neno, na hapo ndipo nyundo inapochapa nusu juu nusu kando.

Ukiweza kuchapa mistari kumi bila kosa, panda hadi 80, kisha 100, kisha 120. Hii 120 ndiyo kasi ya hatua za gwaride la mwendo wa haraka, yaani maneno 24. Mtu aliyekulia kambini anayo miguuni tayari. Kutoka hapo panda kwa mapigo kumi tu kila mara. Ukifika 200 una maneno 40, nayo inatosha kukulisha.

Ukikosea, usisimame. Acha kosa, endelea na mdundo mpaka mwisho wa mstari. Anayesimama kwenye kila kosa anafundisha vidole vyake kusimama.

Hatua ya sita: Kiswahili kina miguu yake

Chapa neno "mahakama". Kulia, kushoto, kulia, kushoto, mara nane bila kukosea hatua. Ni gwaride kamili. "Makala" na "jana" nayo ni hivyohivyo. Sasa chapa "hukumu". Herufi zote sita ni za mkono wa kulia, na nne au tano kati yake, kutegemea unavyohesabu uzembe wako, huangukia kidole kimoja. Kwa mujibu wa vitabu ni tano: h, u, u, m, u ni za kidole cha shahada, na k peke yake ni ya kidole cha kati. Mchapaji wa mahakamani huingia kwa gwaride na kutoka kwa mguu mmoja.

Ndivyo lugha yetu ilivyo. Herufi q na x zimelala kabisa, c haitoki bila h, lakini u, n, m, h, j na y zote zimemwangukia kidole cha shahada cha kulia, huku i na k zikimwangukia jirani yake. Upande wa pili, kidole cha mwisho cha kushoto, kilicho dhaifu kuliko vyote, kimepewa a, ambayo kwa Kiswahili iko kila mahali. Tazama ukurasa wowote wa mwanafunzi: a zote zimefifia kama zimechapwa na mashine nyingine. Utepe hauna kosa hapo. Tiba yake ni mstari wa "mahakama" mara tano kila asubuhi, ukisikiliza sauti ya a ilingane na ya m.

Halafu kuna "ki". Tazama ndani ya mashine: nyundo ya K na ya I ziko ubavu kwa ubavu, na hivyohivyo J na U. Ukitumia kidole cha kati kwa zote mbili, kama inavyotakiwa, hazitagongana, kwa kuwa kidole hakiwezi kufika kwenye I kabla hakijaiacha K. Kwa hiyo zikigongana kwenye "ki", jua umedanganya: umepiga I kwa kidole cha shahada. Mimi hutumia ishara hiyo kuwakamata wanafunzi bila kutazama mikono yao. Nasikia tu ule mgongano, nasema, "Kidole gani hicho?"

Fanyia mazoezi maneno haya kwa mdundo wa 80, usizidishe mpaka yawe laini: "muhimu", "juhudi", "nyumbani", "jukumu". Kisha "baraza" na "barabara", ambayo yote ni ya mkono wa kushoto. Mtihani wangu wa mwisho ni "Jumuiya ya Afrika Mashariki". Herufi sita za mwanzo ni za mkono wa kulia, tano zake kidole kimoja, kisha ghafla mkono wa kushoto unaamshwa. Ukiweza kulipitisha neno hilo bila mdundo kubadilika, mengine yote ni mteremko.

Apostrofi ya "ng'ombe" nayo ina ukorofi wake. Kwenye mashine nyingi iko juu ya namba na inadai shifti. Ipe mapigo mawili: moja kushika shifti, moja kupiga. Vivyo hivyo herufi kubwa. Shifti ya haraka huleta herufi kubwa inayoelea juu ya mstari, na waraka mzima unaonekana umelewa.

Nikukanye kuhusu "wa", maana iliniumiza. W na A ni za vidole viwili jirani vya mkono wa kushoto, na kwa kuwa tunaichapa mara nyingi mno, vidole huanza kuitoa vyenyewe bila kuulizwa. Kuna mzee niliyemchapia mkataba asubuhi moja ya haraka, nakala tatu kwa karatasi ya kaboni. Alitaka "nimeuza kibanja changu". Vidole vyangu vilitoa "nimeuzwa kibanja changu". Mwenyekiti aliyepaswa kugonga muhuri alisoma, akamtazama mzee, akauliza ni nani aliyemuuza. Walicheka wote isipokuwa mimi, niliyechapa upya nakala zote tatu bila malipo. Tangu siku hiyo kila penye "za" mwishoni mwa kitenzi napunguza nusu pigo. Z na A ni za kidole kimoja hata hivyo, kwa hiyo kupunguza hakunigharimu kitu.

Hatua ya saba: kengele

Kengele hulia herufi chache kabla ya pambizo la kulia. Kwenye yangu ni saba. Hesabu za kwako mara moja, uzikariri. Ikilia, una nafasi ya kumaliza neno fupi au kulikata. Kiswahili kina huruma hapa: neno hukatwa baada ya irabu, wa-na-o-ji-shu-ghu-li-sha, huhitaji kamusi. Usitenganishe tu sh, ch, ny na ng'.

Kurudisha kigari ni kazi ya mkono wa kushoto, macho yakiwa bado kwenye karatasi unayonakili. Kisukume kwa nguvu ya kutosha kifike chenyewe, usikisindikize hadi mwisho wa reli, na mkono urudi kwenye A S D F kabla hakijatulia. Wengi hutumia sekunde mbili hapa badala ya moja. Kwenye ukurasa wa mistari 50 umepoteza karibu dakika nzima bila kukosea herufi hata moja. Ukitaka spidi ya bure, fanya mazoezi ya kengele kabla ya mazoezi ya vidole.

Nyundo zikigongana

Usipige kitufe kingine kuzitenganisha, na usizivute zote pamoja. Rudisha kwa kidole ile iliyo karibu nawe, ya pili itaanguka yenyewe. Nyundo iliyopinda hata kidogo huchapa pembeni ya wenzake milele, na fundi wa kuinyoosha kwa jicho amekuwa adimu.

Kupima

Weka pambizo ili mstari uwe na mapigo 60, yaani maneno 12. Chapa mistari mitano, ukihesabu na muda wa kurudisha kigari. Ukitumia sekunde 30 kwa mstari una maneno 24 kwa dakika; sekunde 20, 36; sekunde 15, 48. Kila kosa ondoa neno zima kwenye hesabu ya mwisho. Mwaka 1923 Albert Tangora alichapa kwa saa nzima kwenye taipureta ya Underwood akapata maneno 147 kwa dakika, zaidi ya mapigo 12 kila sekunde. Mimi nikiwa nimekunywa chai napata 52, na kwenye mkataba wa kaboni nashuka makusudi hadi 35, kwa sababu tipeksi kwenye mkataba wa ardhi huzua maswali.

Kaboni yenyewe inataka pigo zito kidogo, siyo la haraka. Nakala ya tatu ndiyo itakayokuambia ukweli: ile a ya kidole cha mwisho itakuwa haipo kabisa ikiwa umezembea. Stenseli, ile karatasi ya nta ya mashine ya kudurufu, ni kinyume chake. Unazima utepe, chuma chenyewe kinakata nta, na pigo zito litang'oa tumbo la o likaacha tundu jeusi kwenye kila nakala ya mtihani wa shule.

Fanya mazoezi dakika ishirini asubuhi na ishirini jioni, siyo saa moja kwa mkupuo, maana kidole cha mwisho kikichoka hurudi kwenye tabia zake. Asubuhi "mahakama" na "hukumu", jioni ukurasa mmoja wa kunakili wenye habari unayoipenda. Ukimaliza, sogeza kigari katikati, funika mashine kwa kanga nzito, na ule ukurasa uandike tarehe na mapigo yako kwa kalamu pembeni. Baada ya wiki mbili uchukue wa kwanza na wa mwisho, uzigeuze zote nyuma, uzielekeze dirishani.